Mkebe wa Waya Nyekundu

Wiki tatu zilizopita tulimzika Njoroge, na mbele ya waombolezaji wote mjane wake alinishika mkono, akanisimamisha, akasema mimi ndiye niliyemwezesha mumewe kufa akiwa na amani. Watu wakapiga makofi. Nilisimama pale na kitambaa cheusi kichwani, nikitabasamu kama mwizi aliyesalimiwa na polisi. Siku chache kabla hajafa, Njoroge alikuwa ameniita akaniomba msamaha kwa kumuua mume wangu Barasa, na mimi nikamsamehe, ilhali hakumuua. Nilidhani mtu pekee aliyejua hivyo ni mimi. Sasa naandika habari za ule mwaka mmoja niliokaa na Barasa pale Munyaka, mtaa wa Eldoret, kwa sababu kwa miaka zaidi ya thelathini nimeusimulia vibaya. Sitaanza na nilikozaliwa wala walionilea. Hao hawana hatia.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na tulikuwa na chumba kimoja katika ploti ya vyumba vinane vilivyotazamana, mfereji ukiwa katikati na kamba za nguo juu yake. Ukiingia kwetu ulikutana na viti viwili na meza, halafu pazia la kitenge, na nyuma ya pazia kitanda. Chini ya kitanda ndiko kulikokuwa na riziki yetu. Nyuma ya chumba kulikuwa na kibanda kidogo cha mabati, jiko la kupikia ambalo mtu mrefu aliingia ameinama, na Barasa alikuwa mrefu. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akikohoa nilikaribia kumwambia pole. Nilisikia ndoa za watu, nilisikia madeni yao, nilisikia mama mmoja akimfundisha mtoto hesabu kwa makofi. Nao bila shaka walitusikia sisi, maana kila jioni kwetu kulikuwa na kelele za nyundo na patasi.

Barasa alikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha nguo kilichofungwa miezi michache kabla hatujaoana. Mashine zilipoanza kung'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu, swichi zake nyingi ziliishia kwenye yadi ya Njoroge, aliyekuwa na duka karibu na barabara na uwanja wa chuma nyuma yake. Njoroge aliziona kuwa takataka za kuuzwa kwa kilo. Barasa ndiye aliyemwonyesha kwamba ndani ya swichi kubwa za kuwashia mota, pale chuma kinapogusana na chuma ili umeme upite, pamebandikwa kipande kidogo cha silva, ile fedha ya kutengenezea pete na vikuku. Mafundi wenyewe waliviita pointi. Pointi moja ni kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi, na nyingine hazifiki hata dengu. Ukikusanya mkebe mzima, ukaziyeyusha, unapata donge la kutosha kulipa chumba na kununua unga, na mnunuzi wa Nairobi alikuwa akilipitia.

Kwa hiyo jioni zetu zilikuwa hivi. Njoroge na Barasa wanakaa sakafuni juu ya gunia, wanakata pointi, mimi napika. Tulikula ugali na sukuma, siku njema omena, na mara kadhaa nilitafuna kitu kigumu nikakuta ni kipande cha shaba. "Hiyo ni protini, shemeji," Njoroge angesema. Alikuwa mtu wa mzaha, mfupi, mwenye masikio makubwa, na hakuwahi kuingia kwangu mikono mitupu. Alileta kabichi, alileta kiberiti, siku nyingine alileta kalenda ya mwaka uliopita kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri. Walizungumza juu ya ng'ombe. Barasa alitaka shamba dogo upande wa Ziwa, mashambani nje ya mji, ng'ombe watatu wa maziwa, na asiguse tena waya maishani. Njoroge alitaka lori. Nikiwa nimegeukia sufuria, nilisikia mume wangu akisema, "Huyu Nafula nitamjengea jiko lenye dirisha," nami nikakoroga ugali kwa nguvu ili wasijue nimesikia. Nilimpenda. Naandika hilo hapa wazi kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya mtu afikirie vingine.

Kuyeyusha kulifanyika kwenye kile kibanda cha mabati, mlango ukiwa wazi. Barasa alijaza jiko makaa, akaweka kikombe cha udongo katikati, akapuliza moto kwa draya mbovu ya saluni aliyoitengeneza mwenyewe. Mimi sikuruhusiwa kukaribia. Kazi yangu ilikuwa maziwa. Kila fundi wa Eldoret wakati ule, awe wa kuchomelea, awe wa rangi, awe wa betri, aliamini kwamba maziwa huosha kifua. Ukimaliza kazi ya moshi unakunywa maziwa, yanashuka na uchafu wote. Nilimwekea Barasa nusu lita kila alipoyeyusha, kutoka kwa mtu aliyeleta maziwa kwa baiskeli toka Ziwa, na sikuwahi kukosa hata siku moja. Niliringa nayo. Wake wengine waliwaacha mabwana zao wanywe chai ya rangi baada ya moshi, mimi nikawaona wazembe.

Sasa nifike kwenye mikebe. Ilikuwa miwili, ya mafuta ya kupikia, ya kilo mbili, inayofanana kama mayai. Mmoja ulikuwa wa pointi za kuyeyusha. Wa pili Barasa alikuwa ameuzungushia waya nyekundu shingoni. Mzee mmoja aliyefanya naye kazi kiwandani alikuwa amemweleza kwamba pointi za baadhi ya mota kubwa hazikuwa silva tupu. Zilichanganywa na kitu kinachoitwa kadimiamu, na ukikiyeyusha, moshi wake unaua, tena hauui kwa haraka. Pointi hizo zikishakatwa huwezi kuzitofautisha na nyingine kwa macho. Unazijua kwa kuangalia mwili wa swichi kabla ya kukata, na ukishachanganya, umechanganya. Barasa alizitenga zimsubiri mnunuzi mwenye tanuri la kweli. Aliniambia hivi, akiwa amesimama mlangoni: "Nafula, huo wa waya nyekundu usiguse. Hizo hatuyeyushi." Nilikuwa nachagua mawe kwenye maharagwe. Nikasema sawa. Nilisikia. Katika miaka yote hii nimejaribu kujishawishi kwamba sikusikia, na sijaweza.

Jumanne moja Barasa alikuwa ameenda kumfungia mtu nyaya za nyumba. Njoroge akaja na mfuko wa karatasi mzito.

"Shemeji, Barasa ako?"

"Ametoka. Mpaka jioni."

"Basi wacha niweke tu. Hizi ni za mota kubwa, zile mbaya. Ni ule mkebe wa waya, sindio?"

"Ndio, huo."

Alipiga magoti, akavuta mkebe wa waya nyekundu, akamimina. Nilimwona kwa macho yangu. Aliusukuma tena chini ya kitanda, akanipa ndizi nne alizokuwa nazo mfukoni mwa koti, akaenda zake. Njoroge hakukosea hata chembe.

Jumapili ile wanawake wa jumuiya ya kanisa walikuwa waje kusali kwangu kwa mara ya kwanza. Asiyejua jumuiya anaweza kudhani wanakuja kusali tu. Wanasali, ndiyo, lakini macho hayafumbwi. Wanaangalia pazia, wanaangalia vikombe, wanahesabu vijiko. Nilikuwa nimewahi kuwa kwenye nyumba ya bibi arusi mwingine aliyetoa sukari ndani ya karatasi ya dukani, nikaona wawili wanasukumana kwa viwiko. Niliapa kwamba kwangu sukari haitatoka kwenye karatasi. Sikuwa na kopo. Nilikuwa na mikebe miwili ya vyuma chini ya kitanda, hakuna uliozidi nusu. Jumamosi asubuhi nikamimina mmoja ndani ya mwingine. Nilioumwaga ni ule wa waya, kwa sababu haukuwa na kutu pembeni. Nikafungua waya nikaitundika kwenye msumari, nikausugua mkebe kwa majivu na maji ya moto mara tatu, nikauanika. Jua la Eldoret la msimu ule halikaushi kitu, kwa hiyo nilitia sukari chini pakiwa bado na unyevu. Nilifikiri nini? Nilifikiri pointi ni pointi. Nilifikiri ile "usiguse" ni usiguse ya wanaume, ile wanayoisema juu ya redio na baiskeli. Wanawake walikuja, wakaimba, wakanywa chai, na mkubwa wao akasema, "Huyu Nafula ako na nyumba." Nililala usiku ule nimefurahi kuliko siku ya harusi.

Jumatatu mvua ya mawe ilianza mchana. Mnunuzi alikuwa amesema anapita kesho yake, kwa hiyo Barasa hangengoja. Alivuta mkebe, akaupima kwa mkono, akacheka.

"Umejaa! Zimezaa, ama?"

"Labda Njoroge aliongeza," nikasema. "Alikuja Jumanne."

Nilisema bila kufikiri, kama mtu anavyojibu akiwa anasuka. Sukari ilikuwa juu ya meza, hatua mbili kutoka alipoinama, ndani ya mkebe wake mwenyewe, na hakuutazama kwa sababu mkebe wa sukari ni kitu cha wanawake. Alienda kwenye kibanda cha mabati na kufunga mlango, maana mawe ya mvua yalikuwa yanaingia motoni. Nilisikia draya ikilia kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa anafuta midomo. "Leo moshi ni mbaya," akasema. "Uko na rangi ya kutu. Na mdomo uko na utamu fulani." Nikampa maziwa. Akanywa, nikamwongezea, akanywa tena, nami nikaridhika kwamba kifua kimeoshwa.

Kufikia jioni alikuwa anatetemeka na kichwa kinamuuma. Tukasema ni mvua. Kesho yake aliamka nafuu kidogo, akampa mnunuzi donge lake, akala uji. Siku ya tatu hakuweza kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Njoroge alikuja na pikapu yake, tukamlaza nyuma juu ya godoro, tukampeleka hospitali ya misheni kule Plateau. Daktari alimuuliza kazi anayofanya, na Barasa akamweleza yote, hata rangi ya moshi. Daktari akamtazama Barasa, halafu akanitazama mimi. Wakamwekea oksijeni. Walifanya walichoweza.

Barasa hakuwa mjinga. Alilala pale akihesabu, nikamwona akihesabu, na siku ile ile alasiri akamgeukia Njoroge aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Njoroge. Zile za mota. Uliweka wapi?"

"Kwa mkebe."

"Mkebe gani?"

"Ule wa waya."

"Uko sure?"

Njoroge akanitazama. Alikuwa na haki ya kunitazama, nilikuwa shahidi wake. Alikuwa ameniuliza nikamjibu, nilikuwa nimesimama palepale akimimina. Mimi nikaangalia blanketi. Lilikuwa la kijivu, na pembeni lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa buluu usiolingana nalo. Naweza kuuchora uzi ule hata leo. Nilinyamaza, na kadiri nilivyonyamaza nilimsikia Njoroge akipoteza uhakika wake.

"Nadhani," akasema. "Nadhani ni ule."

"Umenimaliza, ndugu yangu," Barasa akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba amesahau kufunga mlango.

Ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu, na waoga ni wengi. Lakini jioni Njoroge alinirudisha Munyaka kuchukua nguo, na nilimwambia angoje kwenye gari. Niliingia, nikamwaga sukari kwenye bakuli. Kwenye mkebe mwingine zilikuwa zimebaki pointi ambazo Barasa hakuwa ameziyeyusha, nikachota konzi moja nikazitia kwenye ule uliokuwa wa sukari. Nikatoa waya nyekundu kwenye msumari nikaifunga shingoni mwake, vizuri, mizunguko miwili kama alivyokuwa ameifunga yeye. Nikausukuma chini ya kitanda. Halafu nikamwita Njoroge. Nilimwambia, "Njoo uangalie mwenyewe." Akaangalia. Mkebe ambao alipaswa kuwa ameujaza ulikuwa na konzi moja tu. Akakaa kwenye kiti akashika masikio yake makubwa kwa mikono yote miwili.

"Shemeji, ni mimi," akasema. "Nilikosea mkebe. Ni mimi."

Nikapiga nguo pasi. Ndicho nilichofanya, nilipiga pasi shati la mgonjwa. Njoroge akauchukua ule mkebe akasema hataki ubaki ndani ya nyumba yangu, akaenda nao.

Barasa alifariki siku ya tano, saa nne asubuhi, wauguzi wakigawa uji. Kikombe chake walikuwa wameshakiweka kando ya kitanda. Muuguzi mmoja aliniuliza kwa upole kama nitakunywa, na nilikunywa, kwa sababu nilikuwa na njaa. Hilo pia sijawahi kumwambia mtu.

Njoroge alifunga yadi yake mwezi huohuo. Hakuuza tena chuma, hata msumari. Lile lori lilikufa katika maneno, akauza viazi na kabichi mpaka uzeeni. Kwa miaka miwili, mpaka nilipohama Munyaka, aliniletea maziwa kila Jumapili baada ya misa, akayaweka mlangoni na kuondoka bila mzaha. Mizaha yake ilikuwa imekwisha. Watu wa ploti walimwonyesha kwa kidole, huyo ndiye aliyechanganya sumu. Nilikunywa yale maziwa. Ningefanya nini, ningeyamwaga watu waulize kwa nini? Nilisomea ualimu wa nasari, nikafundisha watoto wa watu kusema ukweli kwa nyimbo na makofi, nikastaafu. Hata siku moja sikukosa mahali pa kusemea lile neno. Eldoret si kubwa kiasi hicho. Tulikutana sokoni, tukakutana kanisani, na kila mara aliinamisha kichwa kwanza.

Aliponiita mwaka huu nilijua anakufa. Nilienda nimejiapiza kusema. Chumba chake kilikuwa na joto la makaa na harufu ya dawa ya kuchua, na mke wake, Mama Ciru, alikuwa ameketi kwenye stuli karibu na kabati. Njoroge alikuwa amepungua hadi masikio yakabaki peke yake.

"Mama," akasema, maana aliacha kuniita shemeji siku Barasa alipokufa. "Nimekuita juu ya Barasa. Niko na makosa yangu mbele yako. Kama kuna kitu tunafaa kuambiana, wacha tuambiane leo."

Akangoja. Nakumbuka alingoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akinitazama usoni bila kuinamisha kichwa, na Mama Ciru naye akaweka mkono kwenye mlango wa kabati. Neno lilifika mdomoni. Kisha nikafikiria huyu mama na watoto wake, nikafikiria jina langu kwenye jumuiya, ndiyo, bado jumuiya, na nikasema, "Nimekusamehe, Mzee. Zamani sana." Njoroge akafumba macho. "Asante," akasema. "Basi." Nilidhani ni amani ile. Nilitoka nje nikiwa mwepesi, Mungu anirehemu, nikajiona nimetenda wema.

Jana Mama Ciru alinitumia ujumbe nimpitie. Aliniwekea chai, akafungua lile kabati, akatoa mkebe na kuuweka mezani mbele yangu. Waya nyekundu bado iko shingoni, mizunguko miwili. Nilisema sina haja nao, uzikwe mahali. Akaufungua akanisogezea.

"Angalia chini," akasema.

Nikamimina zile pointi kwenye kiganja. Chini, pembeni pale bati linapokutana na bati, palikuwa na ukoko wa kahawia, mgumu kama jiwe. Sikuhitaji kuuonja.

"Ni sukari," Mama Ciru akasema. "Aliiona mwaka uleule. Alikuwa ananiambia, mkebe wa vyuma unatiwa sukari kwa nini? Lakini hakutaka niulize mtu. Alisema siku moja wewe mwenyewe utamweleza. Hiyo siku alikuita, aliniambia nikae hapa kwa kabati, ukishasema, nikupatie huu mkebe mbele yake, yaishe, mlie pamoja. Nikangoja. Halafu ukasema umemsamehe." Akasukuma chai yangu karibu. "Ulipoenda alisema, wacha tu, hajawa tayari. Mimi sijui ni kitu gani. Ndio nakuuliza, mama. Alikuwa anangoja umwambie nini?"

Hakuwa na hasira. Alikuwa mjane aliyetaka kuelewa kilichomkaa mumewe moyoni miaka yote hiyo. Niliziweka pointi chini moja moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikalisema, kwa mtu asiyekuwa wa kuambiwa, wakati aliyengoja yuko kaburini.

"Nilikuwa nataka mkebe wa kutia sukari."